Wapangaji Wote Wamelipa

Bwana Gachanja anataka ripoti ya Juni kabla ya saa nne.
Naandika kwa nakala mbili:
Wapangaji wote wa ploti ya Mwariki wamelipa.
Sijadanganya. Ziwa limefika vizingiti vya madirisha,
mita za stima zimekufa mmoja mmoja,
na tangu Machi hakuna anayelala pale ila vyura.
Haya, nionyeshe mpangaji mmoja ambaye hajalipa.

Mwalimu Simotwo angenitoa nje ya darasa.
Alitufundisha mantiki jioni, ukumbi wa kanisa, Bondeni,
makarani sita na fundi saa mmoja,
shilingi hamsini kipindi, chaki yake mwenyewe.
Hoja, alisema, ni kama jiko: mafiga matatu au ugali umwagike.

    Kila kinachopumua, siku moja kitakoma,
    Heroe nao, najua, wapumua wakihema,
    Basi heroe, tambua, siku moja watakoma.

("Wakihema" ni ya kujaza mizani, alikiri.)

Neno la kati ni mshenga:
huzikutanisha pande mbili sebuleni, hula pilau,
harusi ikipita humwoni tena.
Kupumua kumo mstari wa kwanza, kumo wa pili,
chini hakumo.
Ukimkuta mshenga chumbani kwa maharusi, hoja imeoza.

Njia zilizonyooka, kwa hesabu yake, ni ishirini na nne.
Alizihifadhi moyoni kama majina ya shangazi zake.

Ndipo Mukhwana, yule fundi saa,
akaja na daftari la binti yake anayesoma Njoro:
A imesimama kwa kichwa, E imegeuka kutazama ilikotoka,
mabano ndani ya mabano, mfano wa springi.
Humo "kila" haimwahidi mtu kitu.
Kila heroe wa ziwa hili ni mwekundu:
kweli, hata wakiwa wamehamia Bogoria wote,
kweli, hata maji yakibaki matupu mpaka ng'ambo.
Njia tisa zikafutwa siku hiyo. Zikasalia kumi na tano.

Mwalimu alishika kifutio muda mrefu.
"Hizo tisa," akasema, "ndizo zilizohitaji mtu awe nyumbani."

Hakununa. Wiki iliyofuata alijishtaki mwenyewe ubaoni:
Kila mbuzi ni mnyama.
Basi aliyeiba mkia wa mbuzi ameiba mkia wa mnyama.
"Mtoto wa darasa la pili analijua hili,
na mimi sina mlango wa kulipitishia.
Miaka arobaini nimekaa chumba kimoja nikidhani ndilo jumba."
Akapangusa chaki kwenye suruali.
"Ila chumba chenyewe hakivuji."

Sasa ripoti iko mbele yangu, nayo inavuja.
Gachanja ataipeleka benki, anatafuta mkopo,
na karani wa benki ni mtu wa zile ishirini na nne bila kujijua:
akisoma "wote" atasikia "baadhi",
atamsikia Nyaboke wa namba tano akihesabu noti za mia
kwa ulimi na kidole gumba,
atauliza pesa ziko wapi.

Yupo, yuko, yumo.
Lugha yangu haikutosheka na kuwapo kwa namna moja.
Nyaboke hayupo. Yuko, nasikia, Molo kwa dadake.
Namba tano, yamo maji.

Nachana. Naanza tena, nakala mbili:
Ploti ya Mwariki haina mpangaji.
Nagonga muhuri.
Wino haujakauka nakumbuka namba tisa, Februari, mia nane,
Mukhwana alipohama usiku
na saa za watu ndani ya ndoo, zikigongana, zikitembea.

Deni lipo. Mwenye deni yuko.